Jina la faili si kitambulisho: ninyi mnaotugawia programu, tuonyesheni alama yake



Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi, na imenichosha. Inasema hivi: "Mama, ni wewe mwenyewe uliyeiweka ndani ya simu yako. Usifungue kitu usichokijua."

Mara ya mwisho niliisikia ikiambiwa mama mmoja aliyekimbia kutoka Djugu. Jina lake sitalitaja, na ofisi aliyokwenda kulalamika sitaitaja pia. Mama huyu ndiye aliyekuwa akiweka makuta ya kikundi chao cha akiba: wamama kumi na wanne, kila mmoja akitoa kidogo kila Jumamosi, makuta yakilala ndani ya simu yake. Siku moja mtu anayesali naye alimtumia faili kwa WhatsApp. Jina la faili lilikuwa "Msaada_Familia.apk". Picha yake ilikuwa mikono miwili inayoshikana, kama zile tunazoziona kwenye magari ya misaada. Ujumbe ulisema kila familia iliyokimbia ijiandikishe kwa programu hiyo kabla ya Ijumaa.

Akaenda kwa kijana wa chaji, kijana akamsaidia kuiweka. Programu ikaomba ruhusa ya kusoma ujumbe wake. Ikaomba tena ile ruhusa iliyotengenezwa kwa kuwasaidia wenye ulemavu wa macho, ambayo inaiacha programu isome kioo na kubonyeza mahali pa mwenye simu. Ikauliza namba ya siri ya makuta yake "ili kuhakikisha familia". Akajibu yote, kwa maana kila anapoandikishwa kwa msaada anaulizwa maswali mengi. Asubuhi iliyofuata, 340 000 franka hazikuwepo.

Yeye akaambiwa ni kosa lake. Kijana wa chaji naye akaambiwa ni mjinga. Na waliosema hivyo wakarudi kwenye kazi zao.

Leo nataka kuwajibu. Mnasema mtu asifungue kitu asichokijua. Vizuri. Basi mtuambie: atakijuaje? Kwa jina? Jina la faili linabadilishwa kwa sekunde tano, hata mtoto anaweza. Kwa picha? Picha inanakiliwa. Kwa sababu imetoka kwa mtu anayemfahamu? Huyo naye alitumiwa na mwingine. Njia ya kutambua faili ipo, na iko duniani zaidi ya miaka 20. Watengenezaji wa programu wanaitumia kila siku. Lakini huku kwetu nani amewahi kuieleza kwa Kiswahili mbele ya watu? Mmetupa onyo bila kutupa macho ya kuonea.

Njia yenyewe si ngumu kueleza. Wakati CENI ilipoandikisha wapigakura hapa Ituri mwaka 2023, mashini ilichukua alama za vidole vyako. Kwa nini? Sababu majina yanafanana. Katika kartie moja tu unaweza kukuta watu wanne wenye jina moja. Vidole havifanani.

Faili nayo ina alama ya kidole. Wataalamu wanaiita hashi. Kompyuta inasoma faili yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, inafanya hesabu, na hesabu inatoa mstari mmoja wa herufi na namba. Hesabu inayotumika sana leo inaitwa SHA-256. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliitoa kama kiwango rasmi mwaka 2002. Faili iwe ndogo kama ujumbe ao kubwa kama filamu, alama yake inakuwa na urefu uleule: namba na herufi 64, kuanzia 0 mpaka 9 na kuanzia a mpaka f.

Alama hiyo ina tabia mbili. Ya kwanza: faili ileile inatoa alama ileile, ukiipima Bunia, Kampala ao Paris, hata ukiibadilisha jina mara mia. Ya pili: mtu akigusa kitu kimoja tu ndani ya faili, hata herufi moja, alama inageuka yote. Haigeuki kidogo upande mmoja. Inakuwa mstari mwingine kabisa.

Nitawapa mfano ambao kila mwenye kompyuta anaweza kuhakikisha. Faili tupu, isiyo na kitu ndani, alama yake ya SHA-256 ni hii, nimeikata kwa makundi ya nne nne ili isomeke:

e3b0 c442 98fc 1c14 9afb f4c8 996f b924 27ae 41e4 649b 934c a495 991b 7852 b855

Ni hiyo kwa dunia nzima. Ukitumiwa faili, unganisho likakatika, ukabaki na jina tu bila kitu ndani, ukiipima utapata mstari huo. Jina linaweza kukuambia "WhatsApp". Alama inakuambia: hapa hamna kitu.

Nenda Mongbwalu umwangalie mnunuzi wa dhahabu. Ukimletea punje zako hakuulizi zinaitwaje. Anaziweka kwenye mizani, anazitazama, anazijaribu kwa asidi. Ukimwambia "niamini, ni dhahabu", atacheka. Mtu ambaye hakusoma sana anajua kuwa jina si kipimo. Lakini sisi, kwa vitu vinavyoingia ndani ya simu ambamo kumelala makuta yetu, picha za watoto wetu na namba za ndugu waliobaki kijijini, tunapokea jina tupu. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Baada ya kisa cha yule mama, nilifanya kazi ndogo. Kijana wa chaji alikuwa bado na ile faili kwenye memori kadi yake, akanipa nakala. Nikaenda nayo kwenye kompyuta ya redaksio. Sikuifungua. Kwenye kompyuta ya Windows hakuna haja ya kununua kitu. Unafungua dirisha la amri na kuandika: certutil -hashfile, halafu jina la faili, halafu SHA256. Kwenye Linux unaandika sha256sum na jina la faili. Nikapata namba zangu 64.

Kisha nikafungua VirusTotal. Ni huduma iliyoanzishwa Uhispania mwaka 2004, na tangu mwaka 2012 ni ya Google. Inakusanya maoni ya zaidi ya programu 70 za kukamata virusi. Watu wengi wanajua kwamba unaweza kuipelekea faili ili iichunguze. Wachache wanajua kwamba unaweza kuandika alama tu kwenye sehemu ya kutafuta, na kama faili hiyo imewahi kuonekana, utapata majibu yake. Kwangu hilo lilikuwa na maana kubwa, sababu sikuwa na mega za kutosha kupandisha faili nzima. Namba na herufi 64 ni nyepesi kuliko ujumbe wa salamu.

Jibu lilikuja mara moja. Faili ya "msaada" ilikuwa imekwisha kujulikana. Ilionekana miezi kadhaa kabla, chini ya majina mengine, na hakuna hata moja lililotaja msaada wala familia. Wachunguzi wengi kati ya wale zaidi ya 70 waliitia alama nyekundu kama mwizi wa ujumbe. Mwizi hakubadilisha hata kitu kimoja ndani. Alibadilisha jina la nje peke yake na kulituma. Hiyo ndiyo inayoniumiza. Kama mtu mmoja tu kati ya wote ambao faili ile ilipita mikononi mwao angekuwa na desturi ya kuangalia alama, wamama kumi na wanne wangekuwa na akiba yao mpaka leo. Kazi yenyewe haifiki dakika tano.

Nikaendelea. Nikapita kwa vijana watatu wa chaji, kila mmoja nikamwomba faili anayowawekea watu wanaotaka WhatsApp. Wote watatu walinipa faili yenye jina moja. Nilipozipima nikapata alama tatu tofauti. Ya kwanza ilijulikana, na saini yake ilikuwa ya mtengenezaji mwenyewe. Ya pili ilikuwa toleo lililochezewa, na wachunguzi kadhaa waliitilia mashaka. Ya tatu haikujulikana kabisa. Jina moja, vitu vitatu. Na hakuna hata mmoja kati ya vijana wale aliyekuwa na nia mbaya. Walipewa na wenzao, wakagawa.

Matoleo yaliyochezewa si mchezo. Mwezi wa Agosti 2021 kampuni ya usalama Kaspersky ilitangaza kwamba ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, ambayo ni WhatsApp iliyobadilishwa na watu wengine, ilikuta virusi viitwavyo Triada. Watu waliipenda sababu ilikuwa na rangi nyingi na mambo ambayo WhatsApp ya kweli haina. Huku kwetu mpaka leo unasikia vijana wakisifu matoleo ya namna hiyo, kana kwamba ni bora kuliko yenyewe.

Sasa najua kuna watu watanijibu. Nawasikia tayari.

Mmoja atasema: watu wachukue programu kwenye Play Store, basi. Ndugu, umewahi kuhesabu mega? Mtu ambaye anachagua kati ya unite na unga wa watoto hatapakua programu nzima kwa mtandao wakati jirani yake anaweza kumpa bure kwa Xender ao kwa blutufu. Simu nyingine ni za zamani, memori imejaa, hazina akaunti ya Google. Google ina mlinzi wake ndani ya simu, anaitwa Play Protect, na anasaidia. Lakini mara ngapi umesikia mtu akiambiwa "kizime kwanza, kinakataa"? Faili zinapita mkono kwa mkono huku kwetu na zitaendelea kupita. Mwenye akili anaweka mwanga kwenye njia ambayo watu wanapita kweli.

Mwingine atasema: namba 64 ni nyingi, mama wa kambini hataweza. Kwanza, usimdharau. Mama huyo anakumbuka kwa kichwa deni la kila mtu katika kikundi. Pili, hatuhitaji kila mtu apime. Kambi nzima inahitaji mtu mmoja ao wawili wenye kompyuta, kama vile kijiji kizima kinahitaji mtu mmoja wa kusoma barua. Vijana waliosoma wako kambini, wanakaa bila kazi, na wengine wana kompyuta ndogo walizokimbia nazo. Tatu, hakuna anayekwambia uzikariri. Unaweka karatasi kando ya kioo na unalinganisha, kundi kwa kundi.

Wa tatu, huyu ni mjuaji kidogo, atasema: programu inabadilika kila mara, toleo jipya linakuwa na alama mpya, orodha yako itazeeka kesho. Huyu amesema kweli, na jibu lipo. Kila programu ya Android inatiwa saini na mtengenezaji wake, na cheti cha saini hiyo nacho kina alama. Alama ya cheti kwa kawaida haibadiliki toleo likibadilika. Wenye programu ya Signal wanaitangaza kwenye tovuti yao, kwa wale wanaochukua faili nje ya Play Store. Hivyo mwenye programu anaweza kutangaza vitu viwili: alama ya toleo la leo, na alama ya cheti chake kwa siku zote. Signal wameweza. Wengine wanashindwa na nini?

Sitaki pia kuwauzia ninyi wasikilizaji dawa ya kila ugonjwa. Alama ina mipaka yake, na lazima niiseme hapa.

Ukitafuta alama na ukajibiwa "haijulikani", usishangilie. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeionyesha bado. Inaweza kuwa faili safi ya mtu mdogo aliyetengeneza programu ya kanisa lake. Inaweza kuwa mwizi aliyebadilisha kitu kimoja ndani jana usiku ili alama igeuke. Kwa kitu kisichojulikana, ngoja. Usikiweke kwenye simu yenye makuta.

Mkikutana na alama fupi ya namba na herufi 32, hiyo ni MD5, hesabu ya zamani. Tangu mwaka 2004 wataalamu walionyesha kwamba inawezekana kutengeneza vitu viwili tofauti vyenye alama moja ya MD5. Mwaka 2012 kirusi kilichoitwa Flame kilitumia udhaifu huo ili kujifanya kimetiwa saini na Microsoft. Ndugu yake SHA-1 alianguka mwaka 2017, watafiti walipoonyesha PDF mbili tofauti zenye alama moja. Basi tuombe SHA-256.

Na hili la tatu ni la hatari zaidi kwa watu wetu. Ukiipandisha faili nzima kwenye VirusTotal, faili hiyo haibaki siri yako. Wateja na washirika wa huduma ile wanaweza kuipata. Kwa programu si neno. Lakini nimeona watu wakiwa na orodha za majina ya familia za kambini ndani ya simu, na jina, kijiji na idadi ya watoto. Katika jimbo ambalo watu wameuawa hata ndani ya kambi, kama pale Plaine Savo mwezi wa Februari 2022, orodha ya namna hiyo ikitoka nje inaweza kuwa kifo cha mtu. Ukiwa na mashaka na faili kama hiyo, pima alama yake kwenye kompyuta yako, tafuta alama peke yake. Faili yenyewe isiondoke.

Baada ya kusema hayo, narudi kwa wale ninaowadai.

Ninyi mashirika ya misaada, makampuni ya simu, ofisi za serikali, hata makanisa na redio: siku hizi kila mmoja ana programu yake. Mnatuambia tuiweke ili tupate habari, ili tujiandikishe, ili tutoe malalamiko. Faili inatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, na kutoka hapo inaenda mpaka Kasenyi na Drodro bila ninyi kujua nani amegusa nini njiani. Mnapotugawia mafuta na unga, mara nyingi mnatuomba tuweke kidole kwenye mashini. Mama mwenye umri wa miaka 70, vidole vyake vimesuguliwa na jembe, anawekwa kando sababu mashini haimsomi. Mnataka alama ya kidole chake kwa bidoni moja ya mafuta. Lakini faili yenu inayoingia ndani ya simu yake haina alama yoyote mliyomwonyesha. Yeye athibitishe kwenu kila mara, ninyi msithibitishe kwake hata siku moja? Hiyo si haki.

Tangu utawala wa kijeshi uanze hapa mwezi wa Mei 2021, tunajua maisha ya barieri. Ukifika kwenye barieri huwezi kusema tu "mimi ni fulani, niacheni nipite". Unatoa kadi ya mpigakura. Basi faili zenu nazo zitoe kadi.

Tena kadi hiyo ipite njia nyingine, isitembee pamoja na faili. Hili ni jambo ambalo hata wakubwa wa dunia walijifunza kwa kuumia. Mwezi wa Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, wakageuza kiungo cha kupakua, watu wakachukua faili yenye mlango wa siri ndani. Wenye Linux Mint waliwaambia watu wapime faili zao na kulinganisha na alama sahihi. Lakini fikiri: anayeweza kubadilisha faili kwenye tovuti anaweza pia kubadilisha alama iliyoandikwa kando yake. Ukipewa faili na alama yake katika ujumbe mmoja wa WhatsApp, mwizi amekupa vyote viwili. Alama inakuwa na nguvu pale inapokufikia kwa mlango ambao mwizi hana ufunguo wake.

Na huku Bunia tuna milango hiyo. Tuna ubao wa matangazo kwenye kila kambi, karibu na mahali pa maji. Tuna prezida wa kambi na kamati yake. Tuna mashefu wa kartie. Tuna redio.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, na ninayaandika wazi ili mtu asiseme hakuelewa.

La kwanza: mtu ao shirika lolote linalowaomba watu wa hapa waweke programu, litangaze alama ya SHA-256 ya faili hiyo na alama ya cheti chake, siku ileile. Haigharimu hata franka moja.

La pili: alama hiyo iandikwe kwa karatasi, ipigwe muhuri, ibandikwe kwenye ubao wa kambi, na nakala ipewe kamati. Toleo likibadilika, karatasi ibadilishwe.

La tatu: vijana wa chaji wawe na daftari. Ukurasa mmoja kwa kila programu: jina, tarehe, alama, na nani aliitangaza. Faili isiyo kwenye daftari haiwekwi kwenye simu ya mtu mpaka iulizwe. Ninyi vijana mnashika simu nyingi kuliko mtu yeyote katika mji huu. Watu wanawaita wezi bure. Daftari hilo litawapa heshima, na mteja atarudi kwa yule mwenye daftari.

La nne ni letu wenyewe wa redio, na hapa najilaumu kwanza. Miaka yote tumesoma hewani onyo la "msifungue msichokijua", tukaenda nyumbani tukidhani tumefanya kazi. Mimi mwenyewe nimelisoma, sijui mara ngapi. Yule mama alilisikia kutoka kinywani mwangu, alinikumbusha mwenyewe, kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi. Kuna watakaosema namba na herufi 64 haziwezi kusomwa hewani. Tunasoma namba za simu za watu waliopoteana na jamaa zao. Tunasoma orodha za watoto waliofaulu mtihani wa taifa, shule kwa shule, mchana kutwa. Makundi 16 ya nne nne yatatushinda? Nimeomba redaksioni tupewe dakika tano baada ya habari za asubuhi: faili iliyotangazwa, alama yake polepole mara mbili, na onyo juu ya ile iliyogunduliwa mbovu. Tukipewa, mtasikia. Tukinyimwa, nitaandika hapa kwamba tumenyimwa.

Kwa ofisi ile iliyomwambia mama "ni wewe mwenyewe", nina neno la mwisho. Mtu aliyekimbia usiku, akaacha nyumba na shamba, akafika hapa na watoto na simu moja, hakukosa akili alipofungua faili yenye jina la msaada. Alikuwa na njaa ya msaada, na mwizi alijua hivyo. Kosa lake ni kuamini jina, na jina ndicho kitu pekee mlichompa. Mpeni alama kwanza. Akishakuwa nayo, akaiacha ubaoni bila kuitazama, hapo ndipo mtakapokuwa na haki ya kumsemea.

Mpaka siku hiyo, wasikilizaji wangu, ukitumiwa faili yenye apk mwishoni, hata na mchungaji wako, muulize swali moja: "Alama yake iko wapi, na nani mwingine anaweza kunisomea?" Akikosa jibu, iache ilale.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Bunia.